Jumapili ya Mkaguzi wa Mizani

Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi. Siku sita za wiki nawapoza watu wengine, na siku ya saba nachemka nyumbani kwangu chini ya bati. Mganga hajigangi. Tuna feni moja ya mezani ambayo nimeifungua na kuifunga hadi imenichoka. Inageuza shingo upande mmoja tu, na upande huo ndio anaokaa Shangazi.

Shangazi ni dada wa marehemu baba yangu. Alikuwa mkunga miaka arobaini, akastaafu, akaja kukaa nasi wiki mbili, na huu sasa ni mwaka wa sita. Ni mama wa mwili mkubwa na sauti ndogo, na hiyo sauti ndogo ndiyo inayotisha. Nusu ya mji amewapokea yeye duniani, na huwatazama watu wazima kama bado anakumbuka walivyokuwa siku ile.

Jumapili ikishapita saa sita mchana, mtaani kwetu hakukaliki. Ukuta ukiuegemea unakurudishia joto lako na nyongeza juu. Kwa hiyo tulikuwa na desturi ya kutoka, mimi, mke wangu na Shangazi, kwenda kutafuta ubaridi wa bure. Tulianza na kibanda cha mashine ya benki, tukasimama mle tukijifanya tumesahau namba ya siri, mpaka watu wa foleni wakatugongea kioo. Tukahamia duka la samani, ambako Shangazi alijaribu kitanda kimoja kuanzia saa saba hadi saa kumi na moja. Meneja alikuja kumwamsha kwa adabu, akamuuliza kama amekipenda. Shangazi akasema godoro ni gumu kidogo upande wa miguu. Jumapili iliyofuata tulikuta kamba imezungushwa kwenye vitanda vyote.

Ndipo mke wangu akagundua uwanja wa ndege. Yeye ni mpishi wa shule ya bweni, anapika kwa masufuria ambayo mtu mzima anaweza kuogea, na hana subira na joto lisilomlipa mshahara.

"Ukumbi wa kupokelea wageni," alisema. "Kuna viti, kuna choo, kuna baridi mpaka unatamani sweta. Na unaangalia watu wakikumbatiana."

Alisema kweli. Jumapili mbili tulikaa pale kama wafalme. Ya tatu, askari wa ukumbini, mtu mwenye mashavu ya huzuni, akaja kutusimamia.

"Mnamsubiri nani?"

"Mgeni," alisema Shangazi.

"Mgeni gani? Wiki iliyopita mlisema hivyo hivyo. Na ile nyingine pia."

"Amechelewa."

Askari alitazama orodha ya ndege, akatutazama sisi. "Mama, wenzenu wanaopokea wageni wana vibao. Jumapili ijayo nisipoona kibao, nitawaomba mkasubirie nje."

Shangazi hakubishana. Jumamosi alikata ubavu wa boksi la sabuni, akachukua kalamu nene ninayoandikia friji za wateja, akakaa akifikiri. Wiki hiyo redio ilikuwa imetangaza ukaguzi wa mizani nchi nzima, na maneno hayo yalikuwa yamemganda kichwani. Akaandika, kwa herufi zilizonyooka kama za kadi ya kliniki: MKAGUZI WA MIZANI.

"Kwa nini yeye?" nikauliza.

"Ni mtu wa maana, na hakuna anayemjua kwa sura, na hakuna anayetaka aje. Mtu wa namna hiyo unaweza kumsubiri mpaka uzeeke."

Kibao kilifanya kazi. Askari alituheshimu, hata akamletea Shangazi kiti chenye mgongo. Jumapili tatu tulikishika kwa zamu, na katikati ya zamu mtu alipata hata usingizi kidogo. Ya nne, zamu ya saa nane ilikuwa ya Shangazi.

Ndege ilikuwa imeshatua. Watu walitoka, wakakumbatiwa, wakaisha. Wa mwisho akatokea bwana mfupi, mwembamba, suti ya kahawia na tai, akikokota sanduku la mbao lililofungwa kwa mikanda, lenye magurudumu yanayolia. Alitupita. Akasimama. Akarudi hatua mbili, akakisoma kibao, kisha akakisoma tena akifuatisha kwa kidole.

"Ndiye mimi," alisema.

Shangazi alichungulia nyuma yake, labda kuna mwingine. "Wewe ndiye nani?"

"Mkaguzi wa mizani."

Mke wangu alinikanyaga mguu, sijui kwa nini mimi. Hatua tatu kutoka pale alisimama askari, uso umemfunguka, kama mtu aliyekuwa ameanza kupoteza imani na sasa imemrudia. Akaja akampa mgeni mkono.

"Karibu sana, mkuu. Watu wako wamekusubiri mwezi mzima."

"Mwezi mzima," mkaguzi alirudia taratibu. Akatoa leso, akapangusa macho, akisingizia jasho, ingawa mle ndani hapakuwa na jasho.

Baada ya hapo nani angethubutu kusema ukweli? Shangazi alikunja kibao akakitia kwapani. "Karibu, baba. Pole na safari. Fundi, chukua mzigo wa mgeni."

Nilishika mpini wa sanduku nikavuta, sanduku halikuja. Mkaguzi akanieleza kwa upole kwamba mle mna mawe yake ya kupimia, chuma kitupu, kilo arobaini kamili.

"Arobaini na mbili na nusu pamoja na sanduku," aliongeza. Hakuweza kujizuia.

Tulipofika nje aliuliza gari la ofisi liko wapi. Nikasema liko gereji, jibu ambalo kila mtumishi analikubali bila swali la pili. Tukapanda basi, mimi na sanduku tukakaa kiti kimoja.

"Na ratiba ikoje?" aliuliza.

"Leo Jumapili," alisema Shangazi. "Ratiba ni kupumzika."

Mkaguzi alitoa daftari, akaandika *kupumzika*, akapiga mstari chini yake kwa rula. "Kunaanza saa ngapi?"

"Kumeshaanza."

Sehemu ya pili ya Jumapili zetu huwa ni kivuko. Ukishaingia hakuna anayekulazimisha kushuka. Unavuka, unarudi, unavuka tena, na upepo unaokupiga ni ule ule wanaopigwa wenye boti zao. Tulimkalisha mkaguzi kwenye benchi la mbele, katikati ya Shangazi na mke wangu, sanduku miguuni pake. Safari ya kwanza alikaa wima kama yuko ofisini. Ya pili alivua viatu, akavipanga. Ya tatu alivua tai. Hapo Shangazi, ambaye hudanganya tu pale inapobidi, akaona haibidi tena.

"Baba, kuna jambo. Sisi si watu wa ofisi yako."

"Najua, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu pale pale. Ofisi yetu haiwezi kuandika chochote bila kumbukumbu namba juu yake. Halafu nyuma ya kile kibao palikuwa pameandikwa, haichubui mikono."

"Na bado ukaja?"

Mkaguzi alitazama maji. "Mwaka wa kumi na tisa huu nasafiri. Nikifika mji, wenye mizani wanafunga maduka, na ofisi inaniambia nichukue basi. Sijawahi kukuta mtu ameshika kibao changu. Hata kama kiliandikwa kwa makosa, ningekipitaje?"

Mke wangu alimenya ndizi akampa. Kivuko kikagusa gati, watu wakashuka, wengine wakapanda, sisi tukabaki tumekaa, kikaondoka tena.

Ingetosha siku ikaishia hapo. Lakini jioni, jua likilegea, sisi hutembea kwenye ukuta wa bahari, na kwenye ukuta wa bahari kuna Mzee Kilo.

Mzee Kilo hukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, chini ya mwavuli, mbele yake mizani ya kukanyagia, ile ya sindano, aliyoivisha kipande cha zulia. Unavua viatu, unapanda, naye anainama na kukusomea uzito wako kwa sauti ya mtu anayetangaza waliofaulu. Mji mzima unampenda. Mke wangu hupanda kila Jumapili. Ndani ya miaka mitatu alikuwa ameshuka kutoka sabini na nane hadi sitini, na walimu pale shuleni walishaanza kumuuliza anakunywa nini asubuhi.

Kwamba tunampeleka mkaguzi wa mizani penye mizani, Shangazi alilikumbuka tukiwa tumeshafika. Alimshika mkaguzi mkono, akamgeuza.

"Tazama bahari, baba."

Mkaguzi akatazama bahari. Nyuma yake Mzee Kilo akatangaza, "Sabini na moja. Hongera sana." Nikaona mgongo wa mkaguzi ukinyooka. Akageuka. Juu ya mizani alikuwa amesimama nahodha wa klabu ya mbio za pole za pale ufukweni, bwana ambaye tumbo lake humtangulia kila mahali kama mjumbe aliyetumwa kushika nafasi.

"Tisini na mbili," mkaguzi alisema kwa sauti ya chini. "Na nusu."

"Leo Jumapili," Shangazi akamkumbusha.

"Najua, mama."

"Umeandika kupumzika."

"Nimeandika," alisema, lakini mikono ilikuwa imeshaanza kufunga tai.

Alijitambulisha kwa Mzee Kilo kwa cheo chake chote. Foleni ikarudi nyuma hatua moja. Akaniomba sanduku, akalifungua, akayatoa mawe yake kwa kitambaa cheupe bila kuyagusa kwa vidole, kama mtu anayetoa mayai. Jiwe la kilo ishirini lilipokaa juu ya zulia, sindano ilisimama kwenye kumi na tano. Akaongeza hadi arobaini. Sindano ikasogea kwa uvivu, ikafika thelathini na moja, ikapumzika hapo.

Mke wangu alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

"Sikuigusa, mkuu," alisema Mzee Kilo. Hakuwa na hofu, alikuwa na huzuni. "Nilipoinunua ilikuwa inasema kweli. Watu walipanda mara moja, wakanuna, hawakurudi. Halafu chumvi ya bahari ikaingia ndani, ikaanza kusamehe. Kila mwezi inasamehe kidogo zaidi. Nikaona watu wanashuka wanacheka. Sasa ningemwita fundi wa nini?"

"Sheria inanitaka niifunge," alisema mkaguzi. Akatoa koleo na muhuri wa madini ya risasi, akavishika kama anaomba mtu amnyang'anye.

Nahodha alishuka, akavaa kiatu kimoja. "Mkuu, mimi nina watu sitini. Wanaamka alfajiri kukimbia kwa sababu wanaona wanapungua."

"Hawapungui."

"Lakini wanakimbia. Ukiifunga hii, kesho watalala."

Watu wakaitikia kwamba ni kweli, watalala. Mmoja akasema yeye hata leo alikimbia kwa shida. Mkaguzi alimtazama kila aliyesema, na kwa jicho lake nadhani alikuwa anampima kila mmoja, maana midomo ilikuwa inacheza kimya kimya. Hakufunga muhuri, wala hakurudisha koleo mfukoni.

Shangazi akajipenyeza mbele. Watu wakampisha, kama kawaida.

"Baba, mimi nimepima watoto miaka arobaini," alisema kwa ile sauti ndogo. "Mtoto ukimkosea robo kilo, umemkosea dozi. Ingekuwa kule, hilo koleo ningekushikia mwenyewe. Lakini huyu anauza nini?"

"Anauza uzito, mama."

"Mtu akishuka hapo anaondoka na uzito gani?"

"Aliokuja nao."

"Basi kauziwa nini?"

Mkaguzi aliketi ukutani, akatoa kitabu cha sheria kwenye begi, akaanza kusoma. Alisoma muda mrefu. Foleni haikuondoka, wapita njia, wakidhani kuna kitu kinagawiwa, waliunga mkia nyuma. Mwishowe akaweka kidole kwenye mstari.

"Inasema, mizani ya kupimia bidhaa," alisema. "Kwa hiyo suala ni kama ninyi ni bidhaa."

Watu walitazamana.

"Mimi si bidhaa," alisema nahodha.

"Siwezi kuchukua neno la mtu mmoja. Nahitaji maelezo ya kila mtumiaji, kwa maandishi."

Ndivyo ilivyokuwa, na kama nisingekuwapo nisingeamini. Mkaguzi alipanga mawe yake yakawa meza, akafungua daftari, akawaita mmoja mmoja. Wewe ni bidhaa? Hapana. Umewahi kuwa bidhaa? Hapana. Tia saini hapa. Watu walijibu kwa makini wakiwa wamevua viatu, kama wako mbele ya hakimu. Dalali mmoja wa viwanja aliomba apewe muda afikirie. Nahodha alitaka iandikwe kwamba yeye si bidhaa na pia ni katibu wa tawi. Wale wa mkiani, ambao hawakujua kinachoendelea, walisaini pia, kisha wakauliza vitu vyenyewe vinakuja lini. Shangazi alisoma daftari zima kuanzia ukurasa wa kwanza kabla ya kukubali kugusa kalamu.

Mke wangu alisimama wa mwisho.

"Wewe ni bidhaa?"

"Mimi ni mpishi."

Mkaguzi aliandika. Mke wangu hakuondoka. Aliinama, akashusha sauti, lakini mimi nilikuwa nimekalia sanduku pale pale nikasikia. "Kwa jicho lako, mimi ni ngapi?"

Alimtazama kidogo tu, bila kumvunjia heshima. "Sabini na nane."

"Kwa hiyo miaka mitatu sijapungua hata robo."

"Wala hujaongeza hata robo, mama. Na unashinda jikoni. Watu wa hivyo nimekutana nao wachache."

Mke wangu alifikiri, akatia saini, akaenda kuvaa viatu. Njia nzima ya kurudi alitembea mbele yetu, na mwendo wake haukuwa wa mtu aliyepoteza kitu.

Kabla hatujaondoka, mkaguzi alirudisha koleo mfukoni, akaandika karatasi, akaibandika ubavuni mwa ile mizani: *Chombo hiki si mizani. Kimekaguliwa.* Mzee Kilo aliisoma mara mbili, akauliza kama inaweza kuandikwa kwa herufi kubwa zaidi. Jumapili iliyofuata foleni yake ilipinda kona. Watu walitoka mitaa ya mbali kuja kupanda kitu pekee ufukweni kilichokaguliwa na serikali.

Mkaguzi alilala kwetu wiki nzima. Shangazi alimwachia upande wake wa feni, jambo ambalo mimi mpwa wake sijawahi kufanyiwa. Asubuhi alikwenda kazini kufungia watu mizani, na jioni alirudi amechoka, akakaa mlangoni na kumsaidia mke wangu kuchambua mchele, akimwambia kila sinia lina gramu ngapi. Ijumaa tulimsindikiza uwanja wa ndege. Askari alimpigia saluti, kisha akatuuliza sasa tunamsubiri nani. Shangazi akasema bado anafikiria.

Baada ya miezi mitatu ikaja barua, na ilikuwa na kumbukumbu namba. Mkaguzi alikuwa amehamishiwa bara, kwenye mizani ya malori kando ya barabara kuu, na alikuwa anatualika tukale Jumapili kwake. Tulisafiri kwa basi tangu alfajiri. Tulikuta kituo cha upweke, ofisi moja, mti hakuna, joto kavu, na yeye kwenye suti ile ile. Alikuwa amefagia lile jukwaa la chuma la kupandia malori, na kando yake, kwenye kivuli cha ofisi, alikuwa amepanga viti vinne.

Tulikaa asubuhi yote iliyobaki tukitazama malori yakipimwa. Sikutegemea ningefurahi, lakini nilifurahi. Kila lori lilipokaribia alitunong'oneza, "Saruji. Tani thelathini na moja na ushee," na likishapanda kioo cha namba kilisema hivyo hivyo. Shangazi akaanza kubahatisha mwenyewe. Kufikia saa tano alikuwa anakosea kwa tani mbili tu, na madereva walikuwa wanashuka kuja kumuuliza kabla ya kupanda.

Mchana malori yakapungua, mkaguzi akatukaribisha jukwaani. Ile mashine imetengenezwa kwa malori, akatuonya. Inahesabu kwa kilo ishirini ishirini. Shangazi alipanda, ikasema mia. Akaenda kuchukua mkoba wake, akapanda nao, ikasema mia. Akasema hii sasa ndiyo mashine yenye akili. Mke wangu alipanda, ikasema themanini.

"Inazidisha," alisema.

"Kilo mbili," mkaguzi alikiri. "Inaruhusiwa."

Kisha Shangazi akamwambia apande yeye. Mkaguzi alisema mkaguzi hapimwi; hajapanda mizani tangu aajiriwe, si utaratibu. Shangazi hakurudia. Alimtazama tu, vile anavyowatazama watu aliowapokea mwenyewe duniani, na yule bwana akavua viatu, akavipanga, akapanda katikati ya lile jukwaa kubwa la chuma na soksi zake.

Kioo kikasema arobaini. Kikasema sitini. Kikarudi arobaini. Mkaguzi alisimama mikono imenyooka, kidevu juu, akisubiri kwa uaminifu, na mashine, isiyojua namba za katikati, ikaendelea kwenda na kurudi. Nyuma yake lori la mbao likaingia kituoni na kupiga honi likitaka zamu yake. Shangazi akainua mkono mmoja bila kugeuka, na lori likasimama.